Namna ya kukokotoa mzigo wa kufundisha idarani bila kumwonea mtu

Wahadhiri wawili wana saa tatu tatu kwa wiki kwenye ratiba. Mmoja anafundisha Stadi za Mawasiliano, kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi 320. Mwenzake ana kozi ya kuchagua ya mwaka wa tatu yenye wanafunzi 28. Ukiitazama ratiba, wanalingana. Ukipiga hesabu ya kazi yote, kama tutakavyofanya hapa chini, wa kwanza anabeba saa 340 kwa muhula na wa pili saa 116. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko kwenye bahasha za karatasi za mtihani, ambazo ratiba haizioni.

Maelezo haya yanamlenga mkuu wa idara, mratibu wa ratiba au kamati iliyopewa kazi ya kugawa kozi. Mifano ni ya chuo kikuu cha Tanzania chenye mihula miwili, kila mmoja ukiwa na wiki 15 za kufundisha. Viwango vya dakika na asilimia tunavyotumia ni vya kuanzia mjadala, na idara ina haki ya kuvibadili. Mpangilio wa hesabu ndio usioguswa.

Vipimo vinavyopotosha

Kipimo cha kwanza kinachopotosha ni krediti. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza za mwanafunzi: mihadhara, semina, kujisomea na mitihani, vyote pamoja. Kozi ya krediti 12 inamdai mwanafunzi saa 120. Haimwambii mtu chochote kuhusu mwalimu, kwa kuwa krediti ni 12 zilezile darasa likiwa na watu 28 au 320. Idara inayosema "kila mtu abebe krediti 36 kwa muhula" imegawa kazi ya wanafunzi, haijagawa ya walimu.

Kipimo cha pili ni uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu. Miongozo ya Kenya ya mwaka 2014 inaweka mwalimu 1 kwa wanafunzi 7 katika tiba, na 1 kwa 18 katika sayansi za jamii. Uwiano wa namna hiyo unafaa kumwonyesha makamu mkuu wa chuo kwamba idara haina watu wa kutosha. Ndani ya idara haukusaidii kuamua nani apewe nini.

Cha tatu ni saa za ratiba zenye vizidishi. Ufaransa ndio wenye mfano unaojulikana zaidi: mhadhiri wa kudumu anadaiwa saa 192 kwa mwaka, zikipimwa kwa saa ya semina, na saa moja ya mhadhara inahesabiwa kuwa saa moja na nusu. Ni hesabu safi, inamalizika kwenye karatasi moja. Ila haiulizi ukumbini kuna watu wangapi, na kwa vyuo vyetu, ambako kozi za lazima hukusanya wanafunzi wa programu tano au sita kwa mpigo, swali hilo ndilo linalouma.

Kwa hiyo tumia sarafu moja kwa kila kitu: saa za kazi za mwalimu kwa mwaka.

Anza na saa ambazo mtu anazo

Mwaka una wiki 52. Toa wiki 4 za likizo ya mwaka (siku 28 za kisheria) na takribani wiki 2 za sikukuu zinazoangukia siku za kazi. Zinabaki wiki 46. Kwa saa 40 kwa wiki unapata saa 1,840. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu hadi saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini usiijaze hesabu yako mpaka ukingoni. Acha nafasi kwa mambo yatakayojitokeza.

Si saa zote hizo ni za kufundisha. Mgawanyo unaoweza kutetewa kwenye kikao ni huu:

- mhadhiri msaidizi: asilimia 60, yaani saa 1,104
- mhadhiri: asilimia 50, saa 920
- mhadhiri mwandamizi: asilimia 45, saa 828
- profesa mshiriki na profesa: asilimia 40, saa 736

Zinazobaki ni za utafiti, ushauri wa kitaalamu, kamati na huduma kwa jamii. Wadogo watauliza kwa nini wakubwa wafundishe kidogo. Jibu ni kwamba wakubwa wanatarajiwa kuleta miradi, kuchapisha na kuongoza. Profesa ambaye kwa miaka mitatu hajafanya lolote kati ya hayo hana sababu ya kubaki kwenye asilimia 40, lakini jambo hilo liamuliwe kwa kanuni ya chuo, lisiamuliwe na mkuu wa idara aliyekasirika.

Makato yafanyike hapa, kwenye saa ambazo mtu anazo. Yasisubiri mwisho. Likizo ya uzazi ya siku 84 ni wiki 12, yaani saa 480. Mhadhiri aliye kwenye likizo hiyo ana saa 1,360 kwa mwaka, na nusu yake ni 680. Hizo 680 ndizo za kumpimia. Kosa la kawaida ni kumwachia saa 920 zilezile, kisha kumrundikia muhula wa pili "afidie". Aliye masomoni kwa muda wote ana saa sifuri. Akibaki kwenye orodha kama mtu kamili, wastani wa idara utaonekana mwepesi na ombi la mwajiriwa mpya litakataliwa kwa takwimu zenu wenyewe.

Uongozi nao ukatwe hapa. Mkuu wa idara apunguziwe saa 400 za kufundisha, mratibu wa mitihani 120, mratibu wa ratiba 60. Kazi ndogo ndogo kama kuandika kumbukumbu za kikao zisiwekewe saa. Ziko tayari ndani ya ile sehemu isiyo ya kufundisha. Ila ushauri wa wanafunzi ukimwangukia mtu mmoja kwa sababu tu ni kijana, au ni mwanamke ambaye wanafunzi hawamwogopi, uandikwe na upewe saa.

Bei ya kila kazi

Mhadhara: saa moja darasani ni saa moja. Maandalizi yanahesabiwa kwa kila saa ya somo jipya, hayahesabiwi kwa kila saa ya kusimama. Kozi ambayo mtu ameshaifundisha, saa 1 ya maandalizi kwa kila saa ya mhadhara. Anayoifundisha mara ya kwanza, saa 3. Mtaala ukipitiwa upya na nusu ya mada zikabadilika, saa 2. Ukumbi ukiwa mdogo na mhadhara ukarudiwa kwa kundi la pili, mpe saa za kusimama tu.

Semina: saa ya darasani, na nusu saa ya maandalizi kwa kundi la kwanza. Makundi yanayofuata wiki hiyohiyo hayana maandalizi.

Maabara: saa zote za darasani kwa kila kundi. Ongeza saa 1 kwa wiki ya kuandaa kama kuna fundi sanifu, saa 2 kama hayupo. Kwenye sayansi uzito uko huku. Wanafunzi 60 katika makundi matatu, saa 3 kwa wiki, ni saa 135 za kusimama kwa muhula. Ripoti 8 kwa kila mwanafunzi, dakika 10 kila moja, ni saa 80 nyingine.

Kusahihisha: mtihani wa maswali matatu ya insha, dakika 20 kwa karatasi, jaribio la katikati ya muhula, dakika 10. Kwa mtihani mmoja na majaribio mawili, mwanafunzi mmoja ni dakika 40. Usivipokee viwango hivi kwa imani. Watu watatu wasahihishe karatasi kumi zilezile, kila mmoja peke yake, wapime muda pamoja na kujumlisha na kuingiza alama kwenye mfumo. Chukua kiwango cha mtu wa katikati. Lengo ni kiwango kimoja kwa wote, ili anayesahihisha polepole asipate nafuu na mwenye kasi asiadhibiwe.

Kwa maswali ya kuchagua jibu, kusahihisha kunakaribia sifuri, lakini kutunga maswali 60 mazuri, dakika 20 kila moja, ni saa 20. Ziweke. Na mwalimu asihame kutoka insha kwenda maswali ya kuchagua kwa ajili ya kupunguza namba. Hilo ni suala la mtaala na linapaswa kupita kwenye kikao cha idara.

Kila kozi ina gharama isiyobadilika: kutunga mtihani na mwongozo wa kusahihishia, kikao cha kupitia mitihani, kupanga matokeo, kujibu hoja za mtahini wa nje. Weka saa 12. Kwa kuonana na wanafunzi ofisini, dakika 6 kwa kila aliyesajiliwa.

Sasa turudi kwa wale wawili. Stadi za Mawasiliano, wanafunzi 320, mhadhara wa saa 2, semina moja ya saa 1 (makundi mengine wanayo wasaidizi): kusimama kwenye mhadhara 30, maandalizi 30, semina 15, maandalizi yake 7.5, kusahihisha 213.3, gharama isiyobadilika 12, kuonana na wanafunzi 32. Jumla ni 339.8, tunaandika 340. Ile kozi ya watu 28: 30, 30, 15, 7.5, kisha kusahihisha 18.7, gharama 12, kuonana 2.8. Jumla 116.

Angalia jambo lingine. Huyu wa pili akiwa anaifundisha kozi kwa mara ya kwanza, maandalizi yanapanda kutoka 30 hadi 90 na jumla inakuwa 176. Mhadhiri mpya aliyepewa kozi ndogo tatu ngeni kwa muhula mmoja ana saa 528. Wazee wa idara wanaosema "tumempa vidarasa vidogo tu" wanapaswa kuonyeshwa namba hiyo.

Ukigawa usahihishaji wa kozi kubwa kwa watu watatu, kila mmoja anachukua saa 71. Mwenye kozi aongezewe asilimia 10 ya kazi ya wenzake, saa 14, kwa kukubaliana nao mwongozo na kupitia sampuli ya karatasi. Anashuka kutoka 340 hadi 212. Wakisahihisha kwa swali, mmoja swali la kwanza, mwingine la pili, alama zinakuwa na usawa zaidi kuliko wakigawana bahasha.

Usimamizi wa tafiti na mafunzo kwa vitendo

Mradi wa shahada ya kwanza, saa 10 kwa mwanafunzi. Tasnifu ya uzamili, saa 20 kwa mwaka. Uzamivu, saa 45 kwa mwaka. Wasimamizi wakiwa wawili, gawanyeni 60 kwa 40 au nusu kwa nusu, lakini jumla isizidi moja. Weka kikomo: saa zihesabiwe kwa miaka ya kawaida ya programu na mwaka mmoja wa ziada. Bila kikomo, mwanafunzi aliyepotea miaka minne iliyopita ataendelea kumpunguzia msimamizi wake mzigo wa darasani.

Kwenye vitivo vya elimu kuna kwenda kuwakagua wanafunzi mashuleni wakati wa mazoezi ya kufundisha, na hapo mabishano hayaishi. Wapo wasemao kwamba safari hizo zina posho, kwa hiyo zisihesabiwe. Posho ya kujikimu ni ya chakula na malazi, haijalipia muda. Hesabu saa 8 kwa kila siku ya ukaguzi, na siku ya kusafiri saa 4. Programu za jioni zinazolipwa kwa saa, nje ya mshahara, ndizo zisizoingia kwenye hesabu kabisa. Kazi iliyolipwa pembeni haipunguzi mzigo wa mshahara.

Jedwali la Excel

Karatasi tatu zinatosha. Ya kwanza, Kozi: msimbo, idadi ya wanafunzi, saa za mhadhara, makundi ya semina, dakika za kusahihisha. Ya pili, Ugawaji, ndiyo moyo wa jedwali: kila mstari ni mtu mmoja kwenye kazi moja ya kozi moja. Safu A iwe msimbo, B cheki namba ya mtumishi, C aina ya kazi, D sehemu yake (kati ya 0 na 1), E saa. Ya tatu, Watu: A cheki namba, B cheo, C saa za kufundisha alizonazo baada ya makato, D saa alizopewa, E asilimia. Kwenye D andika

=SUMIF(Ugawaji!B:B,A2,Ugawaji!E:E)

na kwenye E

=D2/C2

Kompyuta nyingine hudai nukta-mkato badala ya mkato. Inategemea mipangilio ya nchi. Tumia cheki namba, usitumie majina. "Dkt. Juma" na "Juma" ni watu wawili kwa Excel, na nusu ya kazi ya mwenzenu itapotea bila jedwali kulalamika.

Hakikisho moja ni la lazima: kwa kila kozi na kila aina ya kazi, jumla ya safu D iwe 1 kamili. Ikizidi, kozi ya walimu wawili imehesabiwa nzima kwa kila mmoja. Ikipungua, kuna kazi isiyo na mwenyewe, na huwa ni kusahihisha. Chunguza pia kozi zenye misimbo miwili zinazofundishwa chumba kimoja kwa saa ileile: wanafunzi wajumlishwe, mhadhara uhesabiwe mara moja.

Soma asilimia, usisome saa

Chukua idara yenye profesa 1, wahadhiri waandamizi 2, wahadhiri 3 na wahadhiri wasaidizi 2. Saa zao za kufundisha ni 736, 1,656, 2,760 na 2,208, jumla 7,360. Mwandamizi mmoja ndiye mkuu wa idara, toa 400. Zinabaki 6,960. Kazi yote ya mwaka ikiwa saa 7,900, idara iko kwenye asilimia 114.

Hapo ndipo haki inapopimwa: kila mtu awe karibu na asilimia 114 ya saa zake mwenyewe. Kutofautiana kwa pointi 10 juu au chini kunavumilika, yaani kati ya 104 na 124. Profesa mwenye saa 840 na mhadhiri msaidizi mwenye saa 1,260 wote wako kwenye 114, ingawa saa zao ziko mbali. Na zile saa 940 zilizozidi ni kazi ya mhadhiri mmoja mzima. Ndiyo sentensi ya kuanzia barua ya kuomba kibali cha ajira au fedha za mhadhiri wa muda.

Ugawaji ufuate utaratibu huu. Kwanza, kozi zenye mtu mmoja tu anayeweza kuzifundisha. Pili, kozi kubwa za lazima, kwa zamu. Tatu, kozi za kuchagua. Semina na usahihishaji viachwe mwisho, maana ndivyo vinavyogawanyika na ndivyo utakavyojazia mapengo. Idara nyingi huanza na kozi za kuchagua kwa sababu kila mtu ana anayoipenda, halafu Stadi za Mawasiliano inabaki mezani na kumwangukia asiyekuwepo kikaoni.

Ukimaliza, kata jedwali kwa mihula. Mtu mwenye asilimia 110 ya mwaka anaweza kuwa na theluthi mbili ya kazi hiyo muhula wa kwanza. Mwingine ataipenda hali hiyo, apate muhula mwepesi wa kuandika. Muulizeni kabla hamjamsawazishia. Aliyevuka 124 aandikiwe deni ambalo idara itamlipa mwaka unaofuata, na deni likae miaka miwili tu. Madeni ya miaka sita hayalipiki.

Panapovurugika

Viwango vikijadiliwa baada ya kozi kugawiwa, kila mtu atatetea kiwango kinachombeba. Vipitisheni kikaoni majina yakiwa hayajaandikwa, muhula mmoja kabla.

Neno "kozi mpya" hunyooshwa. Lifafanueni: mwalimu hajaifundisha ndani ya miaka mitatu. Kubadilisha msimbo au jina la kozi hakuifanyi kuwa mpya.

Idadi ya wanafunzi hubadilika. Kwenye rasimu tumia waliofanya mtihani mwaka uliopita, kisha ingiza namba halisi usajili ukifungwa. Kozi ikipanda kutoka 320 hadi 410, kusahihisha na kuonana na wanafunzi kunaongezeka kwa saa 69. Hapo muda bado upo wa kuhamisha bahasha, na hakuna haja ya kugusa ratiba ya mihadhara. Mitihani ya marudio nayo isisahaulike: sapu 60 za kozi moja ni saa 20 zinazoangukia likizoni.

Kishawishi cha mwisho ni kuzidisha umakini: vizidishi vya ugumu wa somo, vya umri wa mwalimu, vya joto la ukumbi. Kila kizidishi kinachoongezwa kinampatia mtu mmoja ushindi na kinawafanya saba wasiielewe hesabu. Zungusha jumla za watu kwenye saa 5 zilizo karibu, na kataa kanuni ambayo mtu hawezi kuikagua kwa kikokotoo cha simu. Akija mwenye malalamiko, fungua mistari yake kwenye Ugawaji, mpitie mmoja mmoja. Kosa la kuingiza namba lisahihishwe siku hiyohiyo. Kama anapinga kiwango chenyewe, liandikwe kwenye ajenda ya kikao cha kupitisha viwango vya mwaka ujao, na kikibadilika kibadilike kwa wote.

Jedwali lote, lenye majina na asilimia za kila mtu kuanzia mkuu wa idara, libandikwe mahali wanaidara wanapolifikia, likiwa na tarehe na toleo. Nakala ya baada ya usajili kufungwa ihifadhiwe kama PDF. Ndiyo itakayotumika kuhesabu madeni ya mwaka ujao.